Ufunguo uko mlangoni: in, on na at kwa watu wa mapokezi

Kuna Mmarekani mmoja ambaye magoti yake siwezi kuyasahau. Alipiga simu kutoka kwao akiuliza kama tuna chumba "on the first floor". Nikafungua daftari, nikaona 103 kiko wazi, nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: "Yes sir, we have one on the first floor." Akashukuru mno. Nilishangaa kidogo, lakini mgeni akishukuru humuulizi kisa.

Alifika jioni, mzee wa miaka sabini na ushei, fimbo mkononi. Binti yake alikuwa mlimani Kilimanjaro, yeye amekuja kumsubiri. Nikampa ufunguo, nikamwonyesha ngazi. Akazitazama zile ngazi 22 kama mtu anayeonyeshwa kilele cha Kibo na kuambiwa apande sasa hivi na makobazi aliyovaa. Kwao Marekani "first floor" ni hapo chini unapoingilia. Sisi tunahesabu kama Waingereza waliotutawala hadi 1961: chini ni "ground floor", na ya kwanza ni ile unayoipandia ngazi. Lifti hatuna. Usiku ule tulitoa mabegi 17 ya wapanda mlima kwenye stoo ya chini, tukadeki, tukaingiza kitanda, mzee akalala humo.

Kile kineno "on" nilikipatia. Nilichokosea ni ghorofa. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa mkali: kila anayeanza kazi mapokezi, kabla hajagusa kompyuta, namzungusha jengo zima akiniambia kwa Kiingereza kila kitu kiko wapi. Kimoja kimoja. Taulo, swichi, choo cha wageni, jenereta, paka.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne katika hoteli ndogo ya ghorofa tatu hapa Moshi mjini, mwendo wa miguu kutoka stendi. Jina silitaji kwa sababu bosi wangu ni mtu wa kusoma kila kitu. Kabla ya hapo nilikuwa Arusha, nikihudumia chai kwenye mikutano pale AICC, kile kituo cha kimataifa cha mikutano, enzi ambazo Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa bado ipo na wageni wa kila taifa walikuwa wanapotea kwenye korido. Kwa hiyo kuelekeza watu kwa Kiingereza nimekufanya muda mrefu, na kukosea nimekosea kwingi.

Tatizo letu ni kwamba tumezoea kubebwa na "-ni". Mezani, chumbani, ukutani, kitandani, mlangoni: silabi moja inamaliza kazi, na msikilizaji anajijazia mwenyewe. Ukisema chai iko mezani na mgeni yuko mezani, hakuna Mswahili atakayedhani mgeni kapanda juu ya meza. Kiingereza hakikupi nafasi hiyo. Chai ni "on the table", mgeni ni "at the table", na siku kijana wetu mmoja wa mgahawa alipomwambia kiongozi wa msafara kwamba wateja wake "are on the table", yule jamaa alikwenda mbio kuangalia.

"Kwenye" ni mbaya zaidi, maana inameza kila kitu: kwenye meza, kwenye geti, kwenye chumba, kwenye ghorofa. Na shuleni wengi wetu tulikaririshwa kwamba katika ni "in", juu ya ni "on", basi. "At" ikabaki yatima. Ndiyo maana unasikia mtu mwenye cheti kizuri tu anasema "in the second floor": kaitoa moja kwa moja kwenye "katika ghorofa ya pili".

Usianze kwa kutafsiri neno. Anza kwa kukitazama kitu chenyewe na kujiuliza kinafanya nini pale kilipo. Kimezungukwa, kuna kuta au kingo zinazokikumbatia? Hiyo ni "in". Kimegusana na uso wa kitu, kimelala juu yake, kimebandikwa au kimening'inizwa? Hiyo ni "on". Au wewe unataja mahali tu, kituo, nukta ambayo ungeichora kwenye ramani, na hujali sana kama ni ndani au nje? Hiyo ni "at".

Kiswahili chenyewe kina dawa, ila tumeacha kuitumia. Tuna po, ko na mo, na mtaani siku hizi karibu kila kitu ni "ipo" au "iko". Mo inakufa. Ifufue, angalau kichwani. Ukiweza kusema "zimo" au "yumo" bila ulimi kujikwaa, Kiingereza chake mara nyingi ni "in". Taulo zimo kabatini: "in the wardrobe". Mgeni yumo chumbani: "in the room". Sasa jaribu "picha imo ukutani". Inakataa. Picha ipo ukutani, imegusa uso, kwa hiyo "on the wall". Lakini bomba la maji limo ukutani, na hapo mo inakubali, kwa kuwa bomba limefukiwa humo: "in the wall". Tofauti hiyo niliilipia. Nilimwambia fundi mmoja Mkenya, ambaye alipenda tuongee Kiingereza, kwamba bomba liko "on the wall", akatazama ukuta, hakuona bomba, akatoboa. Mapokezi yalilowa hadi kwenye daftari la wageni.

Mo ikikataa, una mawili mbele yako, na hapo swali ni kugusa. Miwani ya mgeni ipo kaunta, imelala juu ya mbao: "on the counter". Mgeni mwenyewe yupo kaunta, anasubiri risiti: "at the counter". Wewe unayemwandikia risiti uko "behind the counter", na huko ubaki mpaka zamu iishe.

Mlango

Napenda kuanzia mlangoni kwa sababu mlango mmoja unafundisha nusu ya somo. Kwa Kiswahili kila kitu ni mlangoni. Mtu yuko mlangoni, tangazo liko mlangoni, paka kalala mlangoni, ufunguo uko mlangoni. Mwingereza anaviona vitu vinne tofauti.

Mtu anayegonga yuko "at the door". Mlango hapo ni kituo tu, mahali pa kukutania. Kile kikadi cha kuomba usisumbuliwe kipo "on the door", maana kimeshika uso wa mlango. Paka aliyejilaza katikati ya fremu, huingii wala hutoki, yuko "in the doorway", kwa kuwa fremu imemzunguka. Na ufunguo uliosahaulika kitasani uko "in the door", hata kama macho yako yanakuambia kwamba unaning'inia nje. Huo wa mwisho nitaurudia.

Dirisha lina tabia hiyo hiyo. Anayechungulia barabara ni "at the window". Vumbi la Januari ni "on the window". Mkufu unaouona dukani kupitia kioo ni "in the window".

Ghorofa, dari, paa

Ghorofa ndipo mo inapokudanganya. Mdomoni mwangu "yumo ghorofa ya pili" inapita vizuri kabisa, lakini Kiingereza ni "on the second floor". Sababu ni rahisi ukiijua: "floor" kwao ni sakafu na ni ghorofa, neno moja. Na sakafu huingii ndani yake, unaikanyaga. Waambie vijana hivyo mara moja, hawarudii kosa. Kwa hiyo "on the ground floor", "on the top floor", "on this floor". Siyo "at", siyo "in".

Handaki la chini ya jengo, kama jengo lako linalo, ni "in the basement". Hilo ni shimo, linakuzunguka, mo inarudi kazini.

Paa nalo lina mtego, na aliyenasa ni mimi. Sisi kifungua kinywa tunakitoa juu kabisa, kwenye sakafu ya wazi, asubuhi ambayo mawingu yamekaa vizuri Kibo unaiona ukiwa na chapati mkononi. Mwaka wangu wa kwanza niliandika ubaoni kwa chaki: "Breakfast is served in the roof." Walikuwapo wanawake wawili Waingereza, walimu. Mmoja akaniuliza kwa upole wote kama waje na tochi. "In the roof" ni kule kati ya dari na bati, wanakoishi panya. Kinywaji na mayai ni "on the roof". Nilifuta ubao kwa kiganja.

Kwa jengo kubwa, pale AICC panatoa mfano mzuri kuliko hoteli yangu. Ni majengo matatu yaliyoungana, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yaliyojengwa kwa ajili ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977. Mtu akipiga simu kuuliza ofisi iko wapi, sentensi moja inabeba vyote vitatu: "We are at the AICC, in the Ngorongoro wing, on the fifth floor." AICC kwa mtu aliye mbali ni nukta tu kwenye ramani ya Arusha, kwa hiyo "at". Jengo la Ngorongoro ni boksi unaloingia, kwa hiyo "in". Ghorofa unaikanyaga, kwa hiyo "on". Ukiishika sentensi hiyo unaweza kubadilisha majina tu ukaitumia popote, hata jengo la Mkurugenzi wa wilaya.

Na kwa Wamarekani, baada ya yale magoti, mimi sisemi tena "first floor" peke yake. Nasema "one floor up, twenty-two stairs". Kila mtu anajua magoti yake.

Korido na ngazi

Hapa napita haraka. Korido inakuzunguka, kwa hiyo "in the corridor". Ngazi unazikanyaga, "on the stairs". Lakini ncha ya kitu chochote ni nukta, na nukta ni mali ya "at": "at the end of the corridor", "at the top of the stairs", "at the bottom of the stairs", "at the gate", "at the entrance". Kona ya chumba ni "in the corner", kuta mbili zinaikumbatia. Kona ya barabara, pale bodaboda wanaposubiri, ni "on the corner" au "at the corner", hakuna cha kukumbatia. Kushoto na kulia ni "on": "on the left", "on your right".

Kuna kosa jingine linalokaa hapohapo. Ukimpeleka mtu, kineno ni "to". Akishafika, kinabadilika. "Go up to the second floor. Your room is on the second floor, at the end of the corridor, on the left." Nawakaririsha vijana sentensi hii mpaka wanaiota. Na "upstairs" na "downstairs" hazitaki kitu mbele yake. "Please go upstairs", imetosha. Ukisema "go to upstairs" utaeleweka, ila utasikika kama ulijifunzia Kiingereza ndani ya basi.

Juu

Neno "juu" ndilo linalonipa kazi kuliko yote, na kwetu Kilimanjaro ni kazi mara mbili. Watu wa huku dira yetu ni mlima. Juu ni mlimani, migombani, nyumbani kwa bibi. Chini ni mjini na kule tambarare. Hata barabara isiyo na mwinuko wa maana tunasema fulani anakaa juu kidogo.

Msichana wa Kijerumani aliniuliza duka la dawa liko wapi. Nikamjibu: "It is up, on the left." Kichwani mwangu ilikuwa wazi kama jua la saa sita: fuata barabara kwenda upande wa mlima, kushoto kwako. Akashukuru, akaondoka. Baada ya dakika kumi Mzee wa ulinzi akaniita kwa sauti ya chini, "Mama, kuna mgeni wako huku kwenye tangi." Alikuwa amepanda ngazi zote, kila ghorofa anakata kushoto na kugonga milango, mpaka akatokea kwenye paa mbele ya tangi la maji la lita elfu tano. Nilipaswa kusema "up the road". Vineno viwili tu.

Basi ukitaka kusema juu, jiulize unamaanisha ipi. Kimegusa? "On". Kiko kileleni mwa kitu kirefu, kama sanduku juu ya kabati? "On top of". Kiko juu zaidi lakini hakigusi, kama kiyoyozi juu ya mlango? "Above". Kimefunika, kama chandarua juu ya kitanda? "Over". Unapanda ngazi? "Upstairs". Unafuata mwinuko? "Up the road", "up the hill".

Nikuonyeshe inavyofanya kazi kwa swichi ya hita, kwa sababu ndiyo inayoulizwa kuliko kitu kingine chochote hotelini kwetu. Mgeni katoka mlimani, siku saba hajaoga, anafungua bomba, maji ya baridi. Anapiga mapokezi kwa hasira. Hajui kwamba hita ina swichi yake nyekundu, na kwamba fundi wa Tanzania huiweka nje ya bafu ili mtu asiishike na mikono iliyolowa. Ukimwambia "the switch is in the bathroom" atapapasa vigae vyote. Ukimwambia "on the bathroom" atatazama dari. Sema hivi, taratibu, kwa vituo: "The red switch is outside the bathroom, on the wall, above the light switch." Kwanza unamtoa bafuni, kisha unampa uso wa kushika, kisha unampa jirani wa hiyo swichi. Ukisema "on the light switch" badala ya "above", atazima taa na kurudi kukuuliza gizani. Limetokea, sitanii.

Nyuma na mbele

Vyumba vyetu vizuri ni vya nyuma, havina kelele za barabara na vinatazama mlima. Kwa miaka miwili nilikuwa sielewi kwa nini wageni wanavikataa. Nilikuwa nawaambia: "Your room is behind the hotel." Hebu jiweke wewe. Umelipa dola zako, umefika usiku, unaambiwa chumba chako kiko nyuma ya hoteli. Unapata picha ya kibanda cha bati karibu na jenereta. Mfaransa mmoja aliomba kwanza akione. "Behind" ni nje, umeshatoka kwenye jengo. Sehemu ya nyuma ya jengo lenyewe ni "at the back of the hotel". Siku nilipoanza kusema "a quiet room at the back", vyumba vile vikawa vinaisha wa kwanza. Bosi akadhani ni mashuka mapya.

Mbele ni hatari zaidi kwa sababu Kiswahili chetu hapo kina mambo matatu. "Nisubiri mbele ya benki" yaweza kuwa hapo uso wa benki. Yaweza kuwa ng'ambo ya barabara, mkitazamana na benki. Na mara nyingi mtu wa Moshi anamaanisha umeshaipita benki, unakwenda mbele. Sisi wenyewe tunapishana kwa simu, "nipo mbele", "mbele ipi?" Kwa Kiingereza chagua: upande uleule wa barabara, usoni pa jengo, ni "in front of the bank". Ng'ambo ni "opposite the bank", Mmarekani atasema "across from". Umeshaipita, "past the bank". Kuna mume na mke niliowaambia "opposite" nikimaanisha usoni pa benki, karibu na mnara wa saa. Walisimama ng'ambo na masanduku yao, dereva wangu kasimama benki, kila mmoja anamtazama mwenzake na hakuna anayemjua mwenzake. Dakika 25, na ndege pale uwanja wa KIA haimsubiri mtu.

Halafu kuna "of". Kwetu kila neno la mahali lina mkia wake: nyuma ya, mbele ya, ndani ya, chini ya, karibu na. Kwa hiyo ulimi unatafuta mkia hata pasipo na mkia, na tunapata "behind of the hotel", "near of the market", "under of the bed". Kata. "Behind the hotel", "near the market", "under the bed", "opposite the bank", "outside the gate". Wenye mkia ni wachache na uwashike kama majina ya mashemeji: "in front of", "on top of", "next to". Na ukisema "opposite of the bank" umebadilisha maana kabisa, umesema kinyume cha benki, sijui ni wizi au ni kibubu.

Hoteli, hospitali

"At the hotel" na "in the hotel" zote ni sahihi, na wengi wanagombana bure. "At" unampa mtu nukta: "I'm at the hotel", hata kama umesimama kwenye geti unakula mahindi. "In" unamwambia uko ndani ya kuta. Mji ni "in" ukiwa unakaa humo: "I live in Moshi". Kufika nako kumegawanyika: "arrive in Moshi", lakini "arrive at the hotel". "Arrive to" ni yetu sisi, Waingereza hawana.

Mahali pekee ambapo kosa hili liliniliza ni hospitali. Vijana wawili walishuka mlimani, mmoja kaumwa na kile kimo cha juu, mwenzake mzima kabisa akamsindikiza hospitalini. Mama wa yule mzima akaandika barua pepe kutoka Uingereza, anauliza mwanawe yuko wapi, mbona hapokei simu. Nikamjibu haraka haraka, saa tano za usiku: "He is in hospital." Kwa Mwingereza hiyo inasema mtoto wako kalazwa. Nilipaswa kuandika "He is at the hospital, with his friend." Simu ililia mpaka alfajiri. Siku hizi likihusu afya ya mtu siandiki sentensi fupi, naandika yuko wapi, na nani, na anafanya nini huko.

Kitanda kina jambo la namna hiyo, ila hilo halimlizi mtu. Mgeni aliyejifunika yuko "in bed", bila "the". Taulo ulizozikunja kwa umbo la bata ziko "on the bed".

Mazoezi

Kukariri hakutoshi. Mimi natumia ufunguo wa stoo. Mmoja anauficha popote ndani ya jengo, anaandika kwenye karatasi sentensi moja ya Kiingereza, mwenzake anakwenda kuutafuta kwa kufuata sentensi tu, bila kuuliza. Ukiupata, sentensi ilikuwa nzuri. Usipoupata, mnarudi kwenye sentensi kabla ya kugombana. Fanyeni saa nane mchana, hoteli ikiwa tupu. Anza na vitu vya chumba kimoja, kisha ghorofa moja, kisha jengo zima na uwanja. Wiki mbili zinatosha kwa mtu mwenye nia.

Mwaka jana tulipata kijana kutoka Sanya Juu, mpole, mwandiko mzuri. Zamu yake ya kuficha ilipofika akaandika: "The key is on the door, on the ground floor, near reception." Nikaenda. Nikatazama kila mlango wa chini kama umetundikwa ufunguo, nikapapasa juu ya fremu, nikachungulia nyuma ya kikadi cha choo. Hakuna. Mzee wa ulinzi anacheka kimya kimya kule getini. Baada ya robo saa nikarudi kukaa, nikageuza shingo, na ufunguo ulikuwa kitasani, mlango wa ofisi ndogo nyuma ya kiti changu.

"Hii ni in," nikamwambia. "In the door."

"Lakini dada, si unaning'inia nje? Nusu imo, nusu haimo."

"Mwingereza anahesabu ile nusu iliyomo."

Akaandika kwenye daftari lake. Akafikiri. "Na wewe, dada, ukisimama pale, nusu ofisini nusu mapokezi?"

"In the doorway. Kama paka."

Akaandika na hilo, akauchomoa ufunguo, akanipa. Zamu ya kuficha ilikuwa yangu.